Kuchagua wakati moyo haujaamua: ardhi, bei na mashaka Kibaha na Kisarawe

Mnunuzi anafika shambani na kuuliza: "Mzee, ekari hii unaitoa kwa shilingi ngapi?" Swali ni fupi, lakini wenye jibu tayari ni wachache. Mwenye shamba anajua idadi ya mikorosho yake, anajua mpaka wake na jirani, anajua babu yake amezikwa upande gani. Bei haijui, kwa sababu hajawahi kuuza. Na zaidi ya bei, hana hakika kama kweli anataka kuuza.

Swali hili linaulizwa sana siku hizi katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Makala hii inaeleza nini hutokea mtu anapolazimika kuamua jambo la kiuchumi huku hajui vizuri anachokitaka, wataalamu wamegundua nini kuhusu hali hiyo, na msikilizaji anaweza kufanya nini kabla ya kuweka saini au dole gumba.

Mashaka ya aina mbili

Mashaka ya kwanza ni ya kutojua yatakayotokea. Mvua za vuli zitanyesha kwa wakati? Korosho zitauzwa bei gani mnadani? Kwa mashaka haya upo msaada: taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, bei zinazotangazwa redioni, ushauri wa afisa ugani. Huwezi kujua yote, lakini unaweza kuuliza.

Mashaka ya pili ni ya kutojua unachokitaka wewe mwenyewe. Je, unathamini zaidi pesa ya kumalizia nyumba ya bati, au ekari tatu za kuwaachia watoto? Unapenda kazi ya mshahara, au uhuru wa kulima unapotaka? Hapa hakuna taarifa ya habari itakayokujibu. Jibu liko ndani yako, na mara nyingi halijakamilika.

Kwa muda mrefu wachumi walidhani kila mtu ana orodha moyoni ya mambo anayoyapenda, kutoka la kwanza hadi la mwisho, na kwamba akiulizwa anaisoma tu. Majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1970 yameonyesha kuwa kwa mambo mengi orodha hiyo haipo. Mtu huitengeneza papo hapo anapoulizwa, na katika kuitengeneza hutumia kilicho karibu naye: bei aliyoisikia kwanza, namna swali lilivyoulizwa, na shida ya siku ile.

Huu si ujinga, na hauwahusu watu wasiosoma peke yao. Wengi waliofanyiwa majaribio hayo walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kwa nini Kibaha na Kisarawe

Mama anayeuza chakula Mlandizi anajua bei ya nyanya bila kufikiri. Amezinunua mara nyingi, amepunjwa, amejifunza. Anajua pia anapenda nyanya za aina gani. Kwa kitu kinachonunuliwa kila siku, moyo umeshafundishwa.

Ardhi haiko hivyo. Watu wengi huiuza mara moja katika maisha, au hawaiuzi kabisa. Na katika wilaya hizi mbili mambo yamebadilika haraka. Dar es Salaam imepanuka hadi mipakani mwake. Barabara ya Morogoro inapita Kibaha. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha hadi Dodoma mwezi Julai 2024, na ina vituo Soga na Ruvu. Kwala kumejengwa bandari kavu, na viwanda vinakuja.

Kwa hiyo mtu aliyezoea kulihesabu shamba lake kwa magunia ya mihogo na kilo za korosho anaombwa ghafla alihesabu kwa mamilioni. Anayeuliza amefanya hesabu yake siku nyingi, kwa sababu kununua ardhi ndiyo kazi yake. Anayeulizwa ndiyo kwanza anaanza kufikiri.

Bei ya kwanza hukaa kichwani

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu. Walizungusha gurudumu lenye namba mbele ya watu. Lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha wakawauliza: je, nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali. Hata hivyo, kwa walioona 10 makadirio ya katikati yalikuwa 25, na kwa walioona 65 yalikuwa 45. Namba isiyo na maana iliwavuta. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake alikuwa amefariki mwaka 1996.

Mwaka 2003 Dan Ariely, George Loewenstein na Drazen Prelec walitoa matokeo ya jaribio jingine lililohusu bei moja kwa moja. Waliwataka wanafunzi nchini Marekani waandike tarakimu mbili za mwisho za namba yao ya hifadhi ya jamii, kisha waseme wangenunua bidhaa fulani kwa kiasi hicho cha dola au la. Baadaye kila mmoja akataja bei ya juu kabisa ambayo angelipa. Kwa kibodi ya kompyuta, wenye tarakimu za chini kabisa walitaja wastani wa dola 16 hivi. Wenye tarakimu za juu kabisa walitaja karibu dola 56. Bidhaa ni ileile, siku ni ileile.

Watafiti hao walibaini jambo jingine muhimu. Bei ya kwanza ilipokwisha kukaa, bei za vitu vilivyofuata zilipangwa kwa utaratibu mzuri kuizunguka: kitu bora kilipewa bei kubwa, kitu hafifu bei ndogo. Ukimtazama mtu huyo kutoka nje utasema anajua anachokitaka. Kumbe msingi wa hesabu yake ulitoka hewani.

Sasa rudi shambani. Dalali akitangulia kusema, "Huku watu wanatoa kwa milioni mbili," mwenye shamba akivutana naye hadi milioni mbili na nusu ataona ameshinda. Angetajiwa nane kwanza, angeona saba na nusu ni hasara. Kabla hujajipongeza kwa kupandisha bei, jiulize bei ya kwanza ilitoka kwa nani.

Swali likigeuzwa, jibu hugeuka

Mwaka 1971 watafiti Sarah Lichtenstein na Paul Slovic waliwaonyesha watu bahati nasibu mbili. Moja ilikuwa na nafasi kubwa ya kushinda pesa kidogo. Nyingine ilikuwa na nafasi ndogo ya kushinda pesa nyingi. Walipoulizwa wanachagua ipi, wengi walichukua ile yenye nafasi kubwa. Lakini walipoulizwa kila moja wangeiuza kwa bei gani, wengi wao waliipa bei kubwa zaidi ile nyingine, ambayo hawakuichagua. Miaka miwili baadaye watafiti hao walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo lililofanywa kwenye kasino mjini Las Vegas, kwa wachezaji waliotumia pesa zao wenyewe. Matokeo hayakubadilika.

Chukua mfano wa mwenye mashamba mawili. Moja lina mikorosho inayozaa kila mwaka, ingawa si sana. La pili ni pori, lakini watu wanasema barabara itapita huko. Muulize, "Ukiambiwa ubaki na moja, utabaki na lipi?" Huenda akachagua la mikorosho. Muulize, "Kila moja utaliuza kwa ngapi?" Huenda akataja bei kubwa kwa lile pori. Swali la kwanza limemfanya afikirie chakula na ada za shule. La pili limemfanya afikirie pesa tu.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Mwaka 1989 mchumi Jack Knetsch aliwapa kundi moja la wanafunzi vikombe, na kundi jingine chokoleti. Kisha akawaruhusu kubadilishana. Katika kila kundi karibu tisa kati ya kumi walibaki na walichopewa. Kundi la tatu, lililoachwa lichague tangu mwanzo, liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Mtu asiye na hakika hung'ang'ania kilichomo mkononi.

Ndiyo maana wengine hukataa bei nzuri kwa shamba wasilolitumia, kwa sababu tu ni lao. Dawa yake ni kugeuza swali: "Kama nisingekuwa na shamba hili, na pesa hizi ninazo mfukoni, ningelinunua?" Majibu ya maswali haya yakipingana, ujue bado hujaamua. Hiyo nayo ni taarifa yenye faida.

Moyo wa leo na moyo wa kesho

Mtu mmoja anaweza kutaka mambo mawili tofauti kwa nyakati mbili. Wakulima wa korosho wanaifahamu kangomba: mfanyabiashara anakuja wakati wa shida, kabla ya minada, ananunua korosho kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, na kwa bei ya chini. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo na kutaka korosho zipite kwenye stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007. Bado kangomba hurudi. Mkulima aliye na mgonjwa ndani anaitaka pesa ya leo kuliko kitu kingine chochote. Mnada unapofika, mkulima yuleyule angependa kuwa na gunia lake.

Nchini Kenya, wilayani Busia, watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza jambo linalofanana na hili. Wakulima wengi walisema watanunua mbolea msimu ujao, lakini msimu ulipofika wachache tu walinunua. Walipopewa nafasi ya kuilipia mara tu baada ya kuvuna, pesa ikiwa bado mkononi, na kuletewa bila gharama ya usafiri, walionunua waliongezeka sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Waliitaka mbolea tangu mwanzo. Walichokosa ni kuamua siku ambayo moyo na mfuko vinakubaliana.

Kuonja ndiko kunakofundisha

Kuna mambo ambayo huwezi kujua kama unayapenda kabla hujayatumia. Busia hiyohiyo, mchumi Pascaline Dupas alifuatilia kaya zilizopewa nafasi ya kununua vyandarua vyenye dawa kwa bei tofauti. Wengine walivipata bure au kwa bei ndogo sana. Wengi walihofu kuwa aliyepewa cha bure hatakubali kulipa baadaye. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kinyume: kaya zilizopata punguzo kubwa mwanzoni zilikuwa tayari zaidi kununua chandarua cha pili mwaka uliofuata. Walikuwa wamekilalia, wakajua faida yake.

Mkulima wa mihogo Pwani anaijua njia hii. Anaposikia habari za mbegu inayovumilia batobato au michirizi ya kahawia, hang'oi shamba zima. Anapanda matuta machache, anaangalia mzizi, anapika, anaonja kama ni mtamu na unaiva haraka. Ndivyo mbegu kama Kiroba zilivyoingia mashambani. Mtaalamu anaweza kukuambia mavuno yatakuwa kiasi gani. Ladha unayoipenda wewe utaijua jikoni kwako.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pale unapoweza kujaribu kwa kidogo, jaribu. Ukikosea utakuwa umepoteza matuta matano.

Pale pasipo na kuonja: mibono ya Kisarawe

Maamuzi mengine hayaonjeki. Kisarawe ina mfano unaokumbukwa na wengi.

Katikati ya miaka ya 2000 bei ya mafuta duniani ilipanda, na nchi za Ulaya zikatafuta mafuta yatokanayo na mimea. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilikuja Kisarawe kutafuta ardhi ya kulima mibono, mmea uitwao pia jatrofa, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Hadi mwaka 2009 ilikuwa imepata haki ya kutumia zaidi ya hekta 8,000, yaani ekari zaidi ya 20,000, kwa miaka 99. Ardhi hiyo ilitoka katika vijiji 11. Mwaka 2011 kampuni ilianguka kifedha, kazi zikasimama, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Mradi ukachukuliwa na kampuni nyingine. Kuanguka kwa kampuni hakukuirudisha ardhi vijijini.

Wanavijiji waliozungumza na watafiti na waandishi wa habari walitaja ahadi walizozisikia: ajira, zahanati, visima, barabara. Walilalamika kwamba nyingi hazikutimizwa na hazikuandikwa mahali pa kuwabana walioahidi.

Tazama ugumu wa uamuzi ule. Swali la kama kijiji kinakubali mwekezaji ni rahisi kuliitikia. Upande mmoja kuna vitu vyenye majina na namba: mshahara, fidia, zahanati. Upande wa pili kuna vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvipa bei: kuni, miti ya dawa, njia ya kwenda kuteka maji, makaburi, nafasi ya mtoto atakayezaliwa kesho. Kisichokuwa na bei husahaulika kirahisi kwenye mkutano, kisha hukumbukwa kila siku baada ya mkutano.

Sheria nayo ina uzito wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inayokusudiwa kwa mwekezaji kutoka nje ya nchi huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa haiko tena chini ya kijiji, na mradi ukifa hairudi yenyewe. Sheria hiyo inataka aina, kiasi na muda wa kulipa fidia vikubaliwe kabla ya uhamisho. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na uamuzi hufanywa na waziri.

Mtu mwenye ekari mbili Soga yuko katika hali hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Akishauza, hawezi kurudi mwakani na kusema, "Nimeonja, sikupenda." Wahenga walisema majuto ni mjukuu.

Mambo ya kufanya kabla ya kuamua

1. Tenganisha maamuzi. Jiulize: nikijuta mwakani, ninaweza kurudi nyuma? Kama ndiyo, jaribu kwa kidogo na usijitese. Kama hapana, tumia hatua zote zinazofuata.

2. Andika bei yako kabla ya kusikia ya mtu. Ulizia angalau watu watatu waliouza jirani karibuni. Andika kiwango ambacho chini yake huuzi, na karatasi uiache nyumbani.

3. Jiulize swali kwa njia mbili: "Nitaliuza kwa ngapi?" na "Ningelinunua kwa ngapi?" Majibu yakiachana sana, subiri.

4. Taja visivyo na bei. Orodhesha kila unachokipata shambani bila kukinunua: kuni, mboga za majani, maji, kivuli, makaburi ya wazee. Kisha ulizia ingegharimu kiasi gani kuvipata kwingine, kwa vile vinavyopatikana.

5. Usiamue siku ya shida. Kama ni ada au hospitali, ulizia kwanza njia nyingine: kikundi cha kuweka na kukopa, kukodisha shamba kwa msimu mmoja au miwili, au kuuza kipande na kubakiza kingine. Kukodisha hukupa pesa na muda wa kuujua moyo wako.

6. Kaa na wenzako wa nyumbani. Baba anaweza kutaka pikipiki, mama akataka shamba, kijana akataka kwenda mjini. Kila mmoja aseme kivyake kabla ya mkubwa kusema, maana neno la kwanza huwavuta wengine. Kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake.

7. Pitia ofisini. Kwenye ardhi ya kijiji, mauziano yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kwenye maeneo ya mji, anzia ofisi ya serikali ya mtaa na idara ya ardhi ya halmashauri. Ahadi yoyote iandikwe. Ahadi ya mdomo isihesabiwe kwenye bei.

8. Toa jibu la tatu. Watu wengi huona wana majibu mawili tu, ndiyo na hapana. "Bado sijaamua, rudi baada ya wiki mbili" ni jibu halali. Mnunuzi mwenye nia ya kweli atarudi. Anayesema bei ni ya leo tu anataka uamue kabla hujajua unachokitaka.

Kwa wanaohudhuria mikutano ya kijiji, hatua ya nne na ya nane zinafaa kuombwa hadharani. Mjumbe yeyote anaweza kusimama na kusema: tuorodheshe kwanza tunavyovipata pale, kisha tukutane tena. Ombi hilo halimfukuzi mwekezaji. Linawapa watu muda wa kujua wanachokitoa.